Sabufa ya Kiboko na Ukuta wa Sange

Hadithi inabisha hodi!
— Ipite, ipite!
Na wewe unayetafuna?
— Nimeshameza!

Hapo kale, si kale sana maana spika zilikuwepo, Sange alipanga chumba ubavuni mwa nyumba ya Kiboko. Sange ni kanyama kadogo, pua kama mrija. Alikuwa na spika mbili ndogo, na kila Jumapili baada ya mlo alifungulia redio, kipindi cha ngoma za zamani. Filimbi zikalia, fii fii fii! Waimbaji wakaimba, sauti tamu kama asali. Lakini ngoma kubwa? Ilipotakiwa kulia du, spika zilikohoa tik.

Sange akaumia moyo. Marehemu mama yake alipokuwa akitwanga mahindi, yeye mtoto alilala kando ya kinu, tumbo lake likipokea mchi kutoka ardhini: du, du, du. Tangu mama aondoke, ile du hakuipata tena.

Akawaza: nibadilishe spika, nichukue kubwa? Mlangoni haziingii. Niongeze sabufa, lile spika la besi, la mlio mzito? Ikiingia yenyewe, mimi nitatoka.

Kiboko alikuwa nayo, kubwa kama pipa. Sange akamwendea.

"Shikamoo, mzee. Naomba nisikilize besi yako, wimbo mmoja tu."

"Ukishausikia wewe, mimi nitabaki na nini? Rudi kwa mbu wako wanaoimba!"

"Haya, mzee. Ila sabufa ni ya kona. Isukume konani, besi itanenepa."

"Itanenepa?"

"Itanenepa."

"Kona ipi?"

"Ile ya upande wangu."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana sipendi kusingizia mtu. Sange hakusema uongo hata chembe. Kona hunenepesha besi. Kiboko hakuuliza itamnenepea nani.

Akaisukuma, kwaru kwaru kwaru! Akaketi katikati ya chumba, kama desturi ya kwao: ukutani hukaa wageni, katikati hukaa mwenye nyumba. Kumbe besi nayo hupenda kuta, katikati haikai.

"Sange! Mbona besi imekonda?"

"Umekaa wapi, mzee?"

"Katikati! Ulitaka nikae ukutani, mimi mgeni?"

"Hasha, mzee! Basi ongeza sabufa ya pili, kona ile ile."

Kiboko mroho akaongeza.

Jumapili ikafika. Kiboko akafungulia redio kwake; Sange naye akafungulia spika zake ndogo, redio ile ile, wimbo ule ule. Kwake filimbi, fii fii fii. Na kutoka ukutani: du. Du. Du.

Sange akalaza tumbo sakafuni, akafumba macho. Mchi ukapanda, mchi ukashuka.

"Twanga, mama," akanong'ona. "Sijalala bado."

Kwa hiyo, wanangu, ridhikeni na vyenu, msitamani cha jirani. Ila mkipanga chumba, gongeni kwanza ukuta, msikie kama ni mwembamba.

Hadithi imetoka!
— Mlango tumefunga!