Jina la Ngamia wa Takaba

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Kingo zake zimefumuka, rangi imekwisha, na mgeni wa heshima akibisha hodi, mwenye nyumba huusukuma uvunguni kwa mguu. Lakini ndio huo huo uliomlaza siku za homa. Msala nao ni mkeka mzuri wa kuswalia. Ukiuona kwapani mwa mpita njia, macho yanakutoka. Utamani upendavyo, mwenyewe atapita nao aende zake, nawe ubaki na sakafu. Wahenga waliyaona hayo wakatuachia methali, na anayedhani waliropoka tu na akamwulize Kaltun binti Dagane, mama mmoja auzaye maziwa ya ngamia mjini Garissa.

Kaltun alikuwa amezaa wavulana watatu, na wote watatu mumewe Abdiqani aliwapa majina ya ukoo wake bila mtu kuuliza swali. Wa nne akawa msichana. Alhamdulillahi! Kaltun hakuhitaji kutafuta jina. Alikuwa nalo moyoni kwa miaka ishirini na saba, na jina lenyewe lilikuwa Awlo.

Hapo ndipo kizaazaa kilipoanza, kwa maana Awlo lilikuwa jina la ngamia.

Msicheke. Kaltun alikuwa na umri wa miaka saba ukame ulipoingia Takaba, kwao huko kaskazini, na kuwamaliza mifugo wa babake mmoja baada ya mwingine. Mamake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Katika ngamia arobaini wa mzee Dagane alibaki jike mmoja, mwenye rangi ya swara, na kwa Kisomali rangi hiyo ndiyo iliyompa jina la Awlo. Naye alikuwa na msiba wake, ndama wake alikuwa amekufa. Ngamia aliyefiwa hufunga maziwa, hata umbembeleze vipi, mpaka anuse ngozi ya mwanawe. Basi Dagane aliichuna ngozi ya ndama, akamfunika nayo bintiye aliyekuwa hoi kwa njaa, akamsogeza polepole hadi chini ya pua ya Awlo.

Awlo alinusa. Akanusa tena, kisha akaguna kwa sauti ya chini. Dagane akasimama kwa mguu mmoja kama wakamuaji wa kwao wasimamavyo, chombo kikiwa juu ya goti, akaanza kuimba wimbo wa kukamulia: "Awlo, mama wa yatima, mpe mwanao, mpe mwanao." Maziwa yakashuka. Tangu siku hiyo ngamia yule hakukubali kukamuliwa bila kumnusa Kaltun kwanza utosini.

Walitembea siku ishirini kuelekea Wajir, baba, binti na ngamia. Karibu na visima vya Wajir, Awlo alipiga magoti na hakuinuka tena. Dagane alimfungua kengele ya mti shingoni, akakaa chini akalia mbele ya bintiye bila haya. Lori likawachukua hadi Garissa, na kengele ikaja nao.

Sasa mzee Dagane alikuwa akiishi chumba cha nyuma nyumbani kwa Kaltun, na kengele ile ilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda chake. Umri wake ulikuwa umekwenda na kumbukumbu zake zilikuwa zinakatika. Leo anamwita Kaltun kwa jina la marehemu mkewe, kesho anauliza kama ngamia wameingia zizini, na wao hata kuku hawakuwa naye. Kaltun alikuwa akitamani jambo moja tu duniani: babake alisikie jina lile likiitwa nyumbani mwake kabla hajasahau kila kitu. Hakuwa na muda mrefu, na alijua.

Hospitalini, muuguzi Gatwiri, mwenyeji wa Meru aliyehamishiwa Garissa miaka kadhaa nyuma, alimkuta akimnyonyesha mtoto.

"Haya mama, huyu mrembo anaitwa nani?"

"Awlo," Kaltun akajibu, uso ukimng'aa.

Mama mkwe wake, Hinda, aliyekuwa amekaa kwenye kiti na chupa ya chai mapajani, alishtuka nusura aimwage. "Subhanallah! Nani? Mjukuu wangu aitwe kama mnyama? Kesho akienda shuleni watoto wamfunge kamba shingoni?"

Gatwiri alicheka kidogo. "Mimi sina neno. Kwetu mtoto wa kike anapewa jina la nyanya yake, kazi imekwisha, hakuna mkutano."

"Hiyo ni kwenu," Hinda akamkata. "Na huyo nyanya si ana miguu miwili?"

"Basi jina nitaliacha wazi," alisema Gatwiri, kalamu ikirudi mfukoni. "Mkishapatana, mtalipeleka ofisi ya usajili."

Laiti wangepatana siku ile! Habari zilisambaa mtaani upesi, na kila aliyeleta supu alileta na maoni. Jirani mmoja alisema mtoto aitwe Idman. Mwingine akasema Idman wamejaa, ukiita mmoja wanageuka sita. Abdiqani, mume mpole asiyependa kelele, alijikuna kichwa. "Mimi jina silichukii, Kaltun. Lakini usinitie vitani na mama yangu."

Kaltun alituma salamu kwa Sheikh Mowlid ili angalau dini imtetee. Sheikh alikuja akasimama mlangoni, akasikiliza kisa chote, akapangusa macho kwa ncha ya kilemba. "Jina halina shirki, halina tusi," alisema. "Ngamia ametajwa katika Kitabu kitukufu. Uamuzi ni wenu wazazi." Hinda alisikia yote, na akajifanya hakusikia.

Aliyemaliza mchezo alikuwa Faiza, dada yake Abdiqani, mkaazi wa Eastleigh, Nairobi, mwanamke wa manukato na simu mbili. Alipiga simu akiwa na hamaki. "Kaltun, walaal, dada yangu, tutachekwa mpaka kwa ndugu zetu wa Minneapolis, Marekani! Mwite Aysel. Ndiye yule binti wa tamthilia ya Kituruki, mweupe, mpole, kila mtu anamlilia. Ukimwita hivyo, mimi mwenyewe nitakuja na keki, na nitakuwa mama yake wa pili."

Hinda akasikia keki, akasikia Uturuki, akaunga mkono. Kwa siku nne mama yule hakunyamaza. Kaltun alikuwa na maumivu ya uzazi, usingizi haba na mtoto mlizi. Siku ya sita akachoka kubishana. "Haya," alisema. "Aysel."

Siku ya saba mbuzi alichinjwa, pilau ikapikwa, jina likatangazwa. Faiza alikuja kweli, akapiga picha na mtoto akiwa amevaa miwani ya jua ya kuchezea. Mzee Dagane aliletwa mkono kwa mkono hadi ukumbini, akaketi kando ya bintiye.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

"Aysel, aabo," Kaltun akamjibu babake.

"Aysel wa wapi?"

Kaltun akamvua mtoto ile miwani. Mzee alimtazama mtoto kidogo, kisha akageuza uso ukutani na hakuuliza tena. Kaltun aliingia jikoni, akajifanya anaosha sahani, akalia.

Kesho yake alfajiri Faiza alipanda basi la Nairobi. Huyo mama wa pili hakupiga simu wiki moja, mbili, tatu. Jina lake nalo halikupata pa kukaa nyumbani mle. Abdiqani alimwita mtoto "binti yangu", kaka zake wakamwita "mtoto", na Hinda aliyelipigania kwa jino na ukucha alimwita "wewe kadogo". Wiki ya nne ndipo ujumbe ukaja kutoka Eastleigh: ile tamthilia imekwisha, yule Aysel kumbe ni mchawi aliyemroga mwenzake, watu wamemchoka, siku hizi majina mazuri ni mengine, afadhali tungengoja kidogo. Kaltun aliusoma mara mbili. Alitaka kucheka, ikamjia hasira.

Siku ya thelathini na nne, adhuhuri, mtoto alilia sana kwa tumbo kumsokota. Alilia hadi nyumba nzima ikachoka. Alipotulia, Kaltun akaenda kumwangalia babake, akakuta kitanda kitupu. Akainua macho ukutani. Msumari ulikuwa peke yake, kengele haipo.

Alijua papo hapo alikokwenda babake na kengele ile: kwenye ngamia, sokoni. Akajitupia shuka, akambeba mtoto, akafika mlangoni. Hinda akamzuia kwa mikono miwili.

"Unakwenda wapi? Hujamaliza arobaini! Mzazi hatoki!"

"Hooyo, mama yangu, mimi ninaye baba mmoja tu," alisema Kaltun, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akampita mama mkwe wake bila ruhusa. Hinda akatafuta viatu vyake akamfuata mbio, akaingia naye kwenye tuk-tuk ile ile.

Soko la mifugo lilikuwa limechangamka, madalali wakipatana bei kwa vidole chini ya shuka kama kawaida yao. Dalali mmoja aitwaye Rage, mteja wa maziwa wa Kaltun, alimjia upesi. "Afadhali umefika. Mzee wako amezuia lori. Anasema hatuondoki na ngamia wake."

Dagane alikuwa amesimama mbele ya lori lililojaa ngamia, jasho likimtiririka, akitikisa kengele ya mti na kuita kwa sauti iliyokauka. "Awlo! Awlo, hoo! Awlo!"

"Aabo, twende nyumbani."

Alimtazama kama anavyotazamwa mgeni. "Sina nafasi, mama. Mtoto wangu analia njaa, nimemsikia. Namtafuta Awlo nimkamulie."

"Mtoto wako ni mimi, aabo. Ni Kaltun. Nimeshiba."

"Kaltun wangu ni mdogo," alisema mzee kwa upole, kana kwamba anamhurumia. "Ana miaka saba tu. Asipopata maziwa leo, kesho simpati." Akageuka. "Awlo! Awlo, hoo!"

Moyo wa Kaltun ulimpasuka. Aliona sasa kwamba siku zile alipokuwa akihesabu watu watasema nini, babake alikuwa amerudi jangwani peke yake, na hapakuwa na mtu wa kumwitikia. Akamfungua mtoto mgongoni. Akamweka mikononi mwa mzee, kichwa kikiwa chini ya kidevu chake.

"Awlo huyu hapa, aabo. Nimekuletea."

Kengele ilianguka mchangani. Mzee aliinamisha pua akanusa utosi wa mtoto. Akanusa tena. Kisha, katikati ya madalali na vumbi la soko, akainua mguu mmoja, akayumba, Rage akamshika bega, na akaanza kuimba: "Awlo, mama wa yatima, mpe mwanao, mpe mwanao." Hakusahau hata neno moja. Madalali waliacha kupatana bei. Wengine walikuwa wamezaliwa chini ya wimbo kama huo, na walipangusa macho bila kutazamana.

Alipomaliza, mzee alimwangalia mtoto kwa wasiwasi. "Mbona amepungua hivi? Ni ukame?"

"Ukame umekwisha, aabo," Kaltun akasema huku akilia. "Umekwisha zamani."

"Alhamdulillahi." Akakubali kuongozwa. Ndani ya tuk-tuk alimpakata mtoto njia nzima, akiita jina lile polepole. Walipokaribia nyumbani alimgeukia bintiye, macho yakiwa yake ya siku zote. "Kaltun," alisema kwa ukali wa baba, "umemaliza arobaini wewe, unazurura sokoni?"

Kaltun alicheka na kulia kwa pamoja. Hinda alikuwa amekaa pembeni, ameishika kengele aliyoiokota, ameifuta mchanga kwa ncha ya mtandio wake. Jioni aliirudisha kwenye msumari kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya arobaini na moja, Hinda ndiye aliyevaa kwanza. "Twende ofisi ya usajili," alimwambia mkwewe, "kabla Faiza hajapata tamthilia nyingine."

Karani wao alikuwa bwana mmoja wa Nyeri, Ndirangu, mtu wa kuandika kwa herufi kubwa na bila haraka. "Jina la mtoto?"

"Awlo," alisema Kaltun.

Ndirangu aliinua kichwa. "Hilo sijawahi kuliandika hapa. Ni jina la nani?"

Kaltun alivuta pumzi, akajiandaa kueleza habari za ukame, ndama, ngozi na visima vya Wajir. Lakini Hinda alimwekea mkono gotini, akamtazama karani usoni, akajibu bila kupepesa.

"La nyanya yake. Upande wa mama."

"Aa, hapo sawa," alisema Ndirangu, akitabasamu. "Hata kwetu ndivyo tunavyofanya." Akaandika.

Jina la Faiza lilipita na basi la alfajiri. Lile la ngamia wa Takaba huitwa kila asubuhi nyumbani mle, na kutoka chumba cha nyuma huitikiwa na mzee anayesahau yote isipokuwa hilo. Ama kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.