Kwa Nini Kuku Husita Mlangoni mwa Banda

Sogeeni, sogeeni hapa mkekani, msinifanye nipaze sauti. Nani huyo anatafuna mahindi kama mbuzi? Meza kwanza. Na wewe wa mlangoni, amua moja, uingie au utoke. Nataka kimya cha kweli, kwa maana habari hii ina marehemu ndani yake, na marehemu hawatajwi kwa kelele.

Zamani hizo kuku hakuwa na kwao. Alikuwa ndege wa porini kama walivyo kanga na kwale, ndugu zake. Alilala popote giza lilipomkuta, leo kichakani penye miiba, kesho juu ya tawi la mninga. Na watu nao hawakuwa na kiumbe wa mabawa uani. Ukiacha ng'ombe, watu wa wakati ule walijua kutunza kitu kimoja tu, na hicho walikijua barabara: nafaka. Mtama wao ulikaa ndani ya kihenge, lile ghala la fito zilizosukwa mfano wa kikapu kikubwa, likakandikwa udongo na samadi ndani na nje mpaka mdudu asipate pa kupenyeza hata unywele. Mwanamke alisifiwa kwa kihenge chake, na cha Kalunde kilisifiwa kuliko vyote.

Huyu Kalunde alikuwa mjane, mtu wa makamo. Alizaa mara moja. Mtoto akaishi misimu miwili ya mvua, akaondoka, na mume naye hakukawia kumfuata. Ua wa Kalunde ukawa safi siku zote kwa sababu hapakuwa na wa kuuchafua. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba usiku anauweza, mtu akilala amelala. Kinachomtesa ni asubuhi, kuamka na kusikia ufagio wake peke yake ukikwaruza ardhi, kisha basi.

Mvua za mwaka mmoja zilipoanza, Kuku alitokea uani kwake ameloa, na vifaranga tisa wamejibanza chini ya tumbo lake.

“Mama,” akasema, maana enzi zile kuku na watu walikuwa wakisemezana, “mwewe amenilia watatu, na mvua itanimalizia hawa. Nilale wapi?”

“Lala kwangu,” akasema Kalunde.

“Kwako wapi?”

Kalunde akacheka, na alikuwa hajacheka siku nyingi. “Sijui, mwanangu. Sijawahi kulaza ndege.”

“Na mimi sijawahi kulazwa.”

Wakapatana hivi: vifaranga wakiota manyoya ya mkia hapo uani, Kuku atawaita kanga na kwale waje wote, wahamie kwa watu moja kwa moja. Kalunde akaona tayari ua umejaa sauti asubuhi. Moyo ukamjaa, akasema neno ambalo hakuombwa kulisema: “Kwangu hapa hatapotea hata mmoja.”

Nyumba ya kwanza ilikuwa tenga kuukuu la viazi. Kalunde aliligeuza juu chini kando ya ukuta, akalikandamiza kwa jiwe. Ng'ambo ya njia alikaa Kabula, dada wa marehemu mume wake, mwanamke ambaye ulimi wake haukujua kupumzika. Alipoliona lile tenga alishika kiuno.

“Wifi! Wageni wako unawafunika kama ugali?”

“Wasipoe,” akajibu Kalunde.

“Wenzio wanafuga ng'ombe, wewe unafuga makelele.”

“Nipe makelele, wifi. Ukimya ninao wa kutosha, nikugawie?”

Siku kadhaa zikaenda vizuri. Kifaranga mmoja alizoea kupanda juu ya wayo wa Kalunde na kusinzia hapo, naye alikuwa akisimama tu, sufuria ikiungua jikoni, asimwamshe. Asubuhi ya siku ya saba au ya nane akakuta bawa moja dogo nje ya tenga. Nafasi kati ya fito ilikuwa ya vidole viwili, na kicheche, yule mwindaji mdogo wa usiku, hahitaji zaidi ya hapo. Aliingiza mkono, akavuta. Kuku hakulalamika. Aliwahamishia wanane waliobaki upande wa pili wa tenga, kana kwamba upande wa pili ulikuwa na tofauti.

“Tatizo ni hayo matundu,” akasema Kabula, safari hii bila utani. “Wewe si ndiye mwenye mikono ya kihenge? Mtama wako panya hajapata kuuonja. Watie humo.”

Tusimbebeshe Kabula peke yake. Kalunde alikuwa ameshalifikiri hilo kabla wifi yake hajafungua mdomo. Vihenge vyake vilikuwa viwili; alikitoa mtama kile kidogo kilichokaa chini, akakandika upya kwa siku mbili, akalainisha kwa kokoto, akapitisha kidole kila kiungo. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya vizuri kama ile.

Jua lilipotua alifungua kifuniko. Kuku hakusita. Siku hiyo hakujua kusita. Aliingia kama mtu anayeingia kwao, na wanawe nyuma.

“Mama, mbona giza?” akauliza akiwa ndani.

“Giza ndiyo usalama.”

“Na joto hili?”

“Ni joto la wanao. Laleni.”

Akaweka kifuniko, akakizungushia udongo mbichi kama anavyofunga mtama, akaenda kulala usingizi wa mtu aliyeshiba.

Kulipopambazuka alikuta nyayo za kicheche zimekizunguka kihenge, zimekizunguka tena na tena, mpaka ardhi imekuwa njia. Hapakuwa na tundu hata la sindano. Kalunde akapiga makofi. Hakufungua. Alikimbia kwanza ng'ambo kumwita wifi yake aje aone.

“Tazama! Amezunguka mpaka kizunguzungu!”

“Leo kalala njaa, mshenzi huyo,” akasema Kabula, na wote wawili wakacheka, wakasimama pale wakifuata nyayo kwa vidole, huyu anaonyesha hapa, huyu anaonyesha kule. Kicheko chao kilikuwa kirefu kiasi cha mtu kuchota maji kisimani na kurudi.

Kisha Kalunde akabandua udongo.

Mvuke ulimpiga usoni, mzito, wenye harufu ya mavi na udongo uliolowa, ukamchoma macho. Ule udongo wa kifuniko ulipokuwa ukikauka ulipata ufa mmoja mwembamba, na mdomo wa Kuku ulikuwa umeng'ang'ania hapo. Alikuwa hai. Ili kuufikia ufa huo alikuwa amesimama juu ya kitu, na alichosimamia walikuwa wanawe, wote wanane, wamelundikana wameloa mvuke, shingo zimelegea. Kama walikufa kabla hajawapanda au baada, yeye peke yake alijua, na hakupata kulisema.

Kalunde aliwatoa mmoja mmoja akawalaza kwenye ungo. Kuku, sasa amesimama ukingoni mwa kihenge, aliwatazama kwa jicho la kulia, akageuza kichwa, akawatazama kwa la kushoto.

“Ulisema hatapotea hata mmoja.”

“Hawakuibiwa,” akasema Kalunde, na hapo hapo akatamani angekuwa bubu.

“Mtoto wako alifia wapi, mama?”

“Mikononi mwangu.”

“Basi unajua,” akasema Kuku. Akashuka, akatembea polepole mpaka porini, wala hakugeuka.

Kabula alikaa chini kwenye vumbi. “Mtama haupumui, wifi,” akasema. “Tulisahau kwamba hawa wanapumua.”

Kalunde akawazika, akakivunja kile kihenge kwa jembe. Kilichobaki ni kile kikubwa cha mtama, nacho kilikuwa karibu kitupu. Jua likiwa utosini alipanda akaingia ndani, akamwambia wifi yake aweke kifuniko na akikandike.

“Una wazimu?”

“Kandika.”

Kabula akakandika huku akilia. Alikuwa hajaosha hata mikono alipoanza kusikia ngumi ndani. Akabandua. Kalunde alitoka amelowa mwili mzima, macho yamemtoka.

“Umeona nini humo?”

“Nimeona nilichowafanyia.”

Kuanzia siku hiyo akawa fundi wa kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekijenga. Alichimbia viguzo vinne vya mninga, akainua sakafu mpaka usawa wa kiuno ili unyevu wa ardhi ubaki ardhini, na chini ya viguzo akamwaga jivu kuzuia siafu. Sakafu akaifanya ya fito zilizoachiana kidogo, uchafu uanguke chini, kuku asilale juu ya mavi yake. Kuta akazibana kote ambako mkono wa kicheche ungefika. Lakini juu, chini ya upenu, akaacha uwazi wa upana wa kiganja kuzunguka banda zima, akaupitishia fito nyembamba mpaka kidole kimoja kikapita lakini mkono wa kicheche usipite. Akaezeka nyasi nene. Ndani akatia mti wa kusimamia, mlangoni akatia komeo. Alipomaliza aliingia mwenyewe, akakunja magoti, akafunga mlango, akakaa tangu adhuhuri mpaka ng'ombe wa watu wanarudi, anavuta pumzi na kuitoa.

“Sasa wifi umekuwa kuku?” Kabula akauliza kwa nje, akijaribu utani wake wa zamani.

“Ningekuwa kuku mapema, wangekuwa hai.”

Banda likakaa tupu kiangazi chote. Kanga walikuja kulitazama kwa mbali, wakashtushana, wakakimbia. Kwale hawakufika hata hapo. Kila asubuhi Kalunde alifagia chini yake.

Mvua ziliporudi, jioni moja, Kuku akatokea. Amekonda, manyoya ya shingo yamepukutika, na nyuma yake vifaranga watano. Hakuja kwa sababu amesamehe. Alikuja kwa sababu mwewe alikuwa mwewe yule yule, na mvua ile ile. Alifika mlangoni mwa banda akasimama, mguu mmoja juu. Akapinda kichwa, akatazama ndani kwa jicho la kulia. Akakipinda upande mwingine, akatazama kwa la kushoto. Akautafuta ule uwazi chini ya upenu, akaona mwanga wa mwisho wa jua unapita.

Kalunde alisimama mbali, mikono nyuma. “Hutanisemesha?” akauliza.

Kuku akaingia bila neno, na wanawe wakaingia. Hakusema na mtu tena, siku hiyo wala nyingine. Kalunde alipokwisha kutia komeo alibaki pale ameegemea kiguzo, akasikia ndani sauti ya chini chini, mama anamwita kila mwana kwa zamu, na kila mwana anaitika. Alikuwa mtu wa mwisho kuijua lugha yao, kwa hiyo alilielewa swali: Upo? Unapumua?

Na tangu siku hiyo banda la kuku husimama juu ya miguu yake, na chini ya upenu huachwa pa kupumulia. Kanga na kwale walirithi pori na mshtuko wao. Kicheche alirithi kuzunguka. Kalunde hakuwa na mwana wa kumrithi, basi sisi sote tukarithi kwake: mtu akijenga banda jipya, huingiza kichwa kwanza, akafumba macho, akavuta pumzi humo kabla ya kumtia ndege. Kuku alirithi paa, akarithi kusita mlangoni, jicho hili kisha hili, hata kama banda amelilalia miaka. Na vifaranga wakarithi lile swali. Mkilisikia giza linapoingia, piteni taratibu, msilijibu. Halikuulizwa kwenu.