Pweza Muuza Makombe

Hapo zamani za kale, na atakayeniuliza ni zamani ipi nitanyamaza mkalale bila hadithi, palikuwa na mkondo wa bahari huko upande wa mawio ya jua, mbali, ambako mashua za kwetu hazijapata kufika. Kaskazini mwa mkondo palikuwa na mwamba, na kusini palikuwa na mwamba. Katikati ziliota nyasi za baharini, na ndani ya nyasi hizo waliishi kaa wadogo.

Si hawa kaa mnaowakimbiza ufukweni kwa fimbo. Nasema wale wenye tumbo laini, ambao Mungu hakuwapa gamba la nyuma. Kaa hao huokota kombe la konokono aliyekufa, wakalivaa, wakaenda nalo kila mahali. Kaa akikua, kombe humbana, basi hulivua akaingia jingine. Na pale katikati, ametoka katika lile na hajaingia katika hili, yu uchi kabisa. Hata samaki mdogo anaweza kummeza. Usicheke wewe! Hakuna cha kuchekesha hapo.

Mwamba wa kaskazini aliutawala Bwana Gubeti. Mwamba wa kusini aliutawala Bwana Nanga. Wote wawili walikuwa na magando mazito kama koleo za mhunzi. Miaka mingi walisalimiana kwa mbali.

"Hujambo, jirani!"

"Sijambo! Habari za ng'ambo?"

"Njema tu!"

Yakaisha. Kila mtu akarudi kwake kula.

Ndipo akaja Pweza. Alikaa pangoni kando ya mkondo, akapanga makombe mlangoni kama mwenye duka. Wa kwanza kupita alikuwa Bwana Nanga.

"Karibu, bwana mkubwa! Hili limetoka mbali, huku hakuna aliye nalo. Tazama miiba yake! Gonga usikie."

Ko! Ko! Ko!

"Lo! Gumu hili," akasema Nanga.

"Gumu, bwana. Mtu kama wewe unatembea na kikombe kile cha zamani? Majirani watakuonaje?"

Nanga akalichukua, akalipa kwa chakula, nusu ya ghala ambalo watu wake walikuwa wamelijaza kwa mavuno ya mwaka mzima.

Asubuhi ya pili Gubeti akatazama ng'ambo akaona miiba inang'aa.

"Ala! Miiba yote ile ya nini? Mimi nimemkosea nini yule?"

Mbio kwa Pweza.

"Nataka lenye miiba mirefu kuliko la Nanga!"

"Ninalo, bwana. Tena nilikuwekea wewe."

Nanga naye akaona, akarudi kununua kubwa zaidi. Gubeti akarudi. Ikawa hivyo, huyu leo, yule kesho, na Pweza akiwakaribisha wote kwa sauti ile ile tamu.

Kila mkubwa alipovaa jipya, la zamani alimpa msaidizi wake. Msaidizi akampa askari lake, askari akampa mdogo wake. Walipanga foleni mwambani, kuanzia mnene hadi mwembamba, kwaru, kwaru, kwaru, huyu akivua na yule akivaa. Wakajisifu, "Tunakwenda na wakati!" Wakati wenyewe ulikuwa unakwenda wapi, hakuna aliyeuliza. Foleni ikipungukiwa, Pweza aliongeza na vidogo vyake, akasema navyo vimetoka mbali.

Sasa, mwisho kabisa wa foleni ya kaskazini alisimama kaa mmoja mdogo, jina lake Mwanakombo. Alikuwa na watoto saba kule nyasini. Mume wake, Mbaruku, alitoka siku moja kuwatafutia riziki, asirudi. Miezi miwili ilikuwa imepita.

Zamu yake ilipofika akapewa kombe.

"Jipya hilo, mama. Limetoka kwa Pweza leo asubuhi. Haya, ingia, usitucheleweshe!" askari akamwambia.

Mwanakombo akaingia kinyumenyume, kama kaa wote wanavyoingia. Mguu wake ukapapasa ukingo wa kombe. Ukakuta mkwaruzo. Na mwingine. Na mwingine. Mikwaruzo saba.

Mbaruku alikuwa akikwaruza ukingo wa kombe lake kila alipozaliwa mtoto.

"Mama, sogea basi!" askari akapiga kelele.

Akasogea. Hakulia pale. Alilia nyumbani, akalia mpaka watoto nao wakalia bila kujua wanalilia nini. Kisha akajifuta, akaenda moja kwa moja kwa Gubeti.

"Bwana, haya makombe hayatoki mbali. Pweza anatula sisi. Akishamla kaa, huuza kombe lake. Hili nililovaa ni la mume wangu."

Gubeti akaliangalia kombe, akaiona mikwaruzo.

"Pole, mama. Pole sana," akasema. "Lakini nikiacha kununua mimi, Nanga ataacha?"

Mwanakombo akavuka mpaka kusini, akamweleza Nanga yale yale.

"Masikini! Pole, mama," akasema Nanga. "Lakini niambie ukweli, Gubeti ataacha?"

"Kikulacho ki nguoni mwako, bwana."

"Najua. Lakini Gubeti ataacha?"

Mnasikia? Waliambiwa, wakaamini, na wakaendelea kununua. Mimi hapo ndipo hasira hunipanda. Asiyejua unamfundisha. Anayejua utamfanyaje?

Haukupita muda, Pweza akaburuta kombe moja kubwa ajabu, akaliweka katikati ya nyasi, mahali ambapo wote wawili wataliona. Lilikuwa na miiba, lilikuwa na pembe, na mdomo wake mpana kama pango.

"Hili ni moja tu, halina ndugu!" akatangaza. "Siku ya bamvua, maji yakijaa pomoni, atakayeniletea ghala lake lote, ndilo lake!"

Gubeti akasema, "Silipi. Nitalichukua kwa nguvu." Nanga naye akasema vivyo hivyo. Pande zote mbili zikaanza kunoa magando, kwacha, kwacha, kutwa kucha. Zilibaki siku mbili.

Na vita vingepiganwa wapi? Papo hapo nyasini, juu ya watoto saba wa Mwanakombo. Walikuwa wadogo mno. Ukiwatoa nyasini, mkondo ungewazoa mara moja. Kukimbia hakuwezekani, na kukaa ni kupondwa.

Mwanakombo akaingia ndani ya lile kombe kubwa, akalipapasa lote. Huko nyuma mguu ukazama. Tope! Palikuwa na tundu kubwa, Pweza amelisiliba kwa tope na mwani ili lionekane zima.

"Kumbe hata kitu chenyewe kibovu," akasema peke yake. Akalichimbua tope lote. Sasa kombe lilikuwa na milango miwili. Kisha akatoka, akaenda kwa wakubwa mmoja mmoja.

"Bwana Gubeti," akasema, "kwa nini ungoje bamvua? Kesho jua likiwa utosini, maji yametulia, njoo peke yako ulivae. Acha kombe lako nje, pembeni. Ingia kwa mdomo wake, polepole, usije ukasikika ng'ambo."

"Na Nanga?"

"Nanga anangoja bamvua."

Kwa Nanga akasema, "Bwana, pale nyuma pana mlango ambao Gubeti haujui. Njoo kesho jua likiwa utosini."

Na mahali pa tatu alikwenda? Alikwenda. Alisimama mlangoni kwa Pweza, mahali ambapo mume wake hakutoka.

"Kesho jua likiwa utosini," akasema, "kaa wawili wanono watakuwa nyasini bila makombe."

Pweza akafungua jicho moja. "Kwa nini unaniambia mimi?"

"Wakubwa wakiisha, sisi wadogo tutapumua."

Pweza akacheka. Alizoea kuona kila mtu ana bei yake, akaamini huyu naye amepata yake.

Kesho yake jua likafika utosini. Gubeti akaja upande huu, akavua kombe lake la miiba, akaliacha pembeni. Nanga akaja upande ule, akavua lake. Nyasi ndefu ziliwatenga, hawakuonana. Gubeti akaanza kuingia kwa mdomo, kinyumenyume. Nanga akaanza kuingia kwa tundu la nyuma, kinyumenyume.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Katikati, gizani, tumbo laini likagusa tumbo laini.

"Yallah! Nani?"

"Nani wewe?"

"Nanga?"

"Gubeti!"

Magando yao makubwa yote yalikuwa yameelekea nje. Huku ndani hawakuwa na kitu ila ngozi. Gubeti akasikia tumbo la mwenzake linatetemeka. Akashangaa, kwa sababu na lake lilikuwa linatetemeka.

"Miiba yote ile," akanong'ona, "kumbe na wewe uko hivi?"

Kabla Nanga hajajibu, akapiga ukelele, "Mamaa!"

Mkono wa Pweza ulikuwa umemkamata gando. Ukaja wa pili, ukaja wa tatu. Pweza akavuta. Nanga akaanza kuteleza kuelekea nje. Kaa hawa wana mkia wenye kulabu ndogo ya kushikilia kombe ndani. Nanga akatafuta mahali pa kushika, hakupata, akaikamata kulabu ya Gubeti.

"Usiniachie, Gubeti! Kwa baba yako, usiniachie!"

Sasa sikilizeni. Kuachia kulikuwa rahisi. Kukunja mkia tu, basi. Nanga angeliwa, kombe kubwa lingekuwa la Gubeti, na mwamba wa kusini ungebaki bila mkubwa. Alilolitaka mwaka mzima lilikuwa pale.

Gubeti aliliwaza hilo. Siwafichi, aliliwaza.

Akasikia sauti ya Mwanakombo nje, karibu na mdomo wa kombe. "Bwana Gubeti! Akishamaliza huyo, atazunguka mlango upi?"

Gubeti akakaza mkia, akapigilia miguu yote ukutani. "Shika hapo hapo, Nanga! Nikikuachia, anayefuata ni mimi!"

Pweza akavuta, wapi! Huyu amemshika yule, na yule kajikita. Alipoleta mkono wa nne, Mwanakombo akapiga mluzi, fyuuu! Kutoka nyasini wakatoka kaa wadogo, mamia, aliowapitia usiku kucha, wa kaskazini na wa kusini, kila mwenye ndugu aliyepotea. Wakamrukia Pweza machoni, wakamrukia mikononi. Nya! Nya! Nya! Nanga naye akafunga gando lake kwenye ule mkono wa kwanza. Kacha! Mkono ukakatika. Pweza akamwaga wino, bahari ikawa nyeusi tii. Ulipotulia, pango lilikuwa tupu, na makombe yasiyo na wenyewe yamelala mlangoni.

Wakubwa wakatoka, wanahema. Wakakimbilia makombe yao ya miiba. Ndani yake yakachungulia macho madogo madogo, mengi. Kaa wadogo walikuwa wamehamia humo na watoto wao.

"Tokeni!" akafoka Nanga.

Hakuna aliyetoka.

Gubeti akamgeukia Mwanakombo. "Wewe ndiye uliyetuita! Na Pweza wewe ndiye uliyemwita! Umezichezea roho zetu!"

"Nimezichezea," akasema Mwanakombo. "Kwa nusu saa tu. Ninyi mmezichezea za wanangu mwaka mzima."

Gubeti akayashusha magando yake. Nanga akatazama chini.

Mwanakombo akawasogezea makombe mawili ya kawaida, laini, ya konokono waliokufa kwa uzee wao. Wakatazamana. Hakuna aliyetaka kuvaa wa kwanza, wala hakuna aliyetaka mwenzake amtangulie.

"Mimi nikihesabu tatu," akasema Mwanakombo. "Pamoja. Moja. Mbili. Tatu."

Wakaingia pamoja.

Vita havikupiganwa. Lakini msidhani mambo yalirudi kama zamani. Maghala yalikuwa yamekwisha, na mwaka ule kaskazini na kusini walikula mwani mtupu. Yale makombe yaliyokutwa mlangoni mwa Pweza waliyagawana, kila familia ikatafuta la mtu wake, ikalizika. Wengine hawakupata. Mwanakombo alilizika la Mbaruku katikati ya nyasi, na waliochimba shimo ni Gubeti na Nanga, kila mmoja upande wake.

Hadithi ndiyo hiyo, sina nyingine leo, ila mwende na hili: anayekuuzia ngao asubuhi na kumuuzia jirani yako jioni, hamlindi yeyote kati yenu.