Salamu za Ngawa

Paukwa!
Pakawa!
Ndiko kuitika huko? Itikieni kwa nguvu, leo nina hasira. Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, tena si kale sana maana kadi zilikuwepo, palikuwa na Bi Paa. Mwanawe alishikwa na homa. Mtoto anatetemeka, hali, hanywi. Bi Paa alikuwa na kadi ya kulipia, zile za kisasa. Unaisogeza karibu na mashine, inalia ti! Umeshalipa, wala hujagusa kitu. Akaifunga kwenye pindo la khanga, fundo juu ya fundo, kama mamaye alivyofunga sarafu. Akaenda duka la dawa.

Foleni ndefu! Na kwenye foleni yuko nani? Ngawa. Ngawa anayenukia marashi, Ngawa wa salamu.

"Shikamoo mama! Pole na mgonjwa!" Akamkumbatia. Ti!

Bi Paa akaisikia ti ile. Akadhani ni mashine ya dukani.

Zamu yake ikafika. Akafungua fundo, akasogeza kadi. Kimya.

"Haina kitu, mama," akasema Nyani muuza dawa.

"Haina kitu vipi? Nimeweka jana!"

Foleni nzima ikacheka. Nyumbu akadakia, "Fundo si umelifungua mwenyewe sasa hivi? Nani kaingia humo? Pesa umezila mwenyewe, sema umezila!"

Jamani! Kadi inayolipa bila kuguswa, si huibiwa bila kuguswa? Nani aliwaza? Hakuna. Mama wa watu analia, wao meno nje. Nikikumbuka, damu inanichemka.

Nyuma ya Bi Paa alisimama Mzee Kobe. Kadi yake aliitia ndani ya kopo la bati la ugoro. Si ujanja, hana mfuko tu. Ngawa akamkumbatia. Kimya. Akamkumbatia tena. Kimya. Mara ya tatu akambana kweli kweli.

"We Ngawa!" Kobe akafoka. "Pole tatu za nini? Nimefiwa mimi?"

Bi Paa akafuta machozi. Akaikumbuka ti ile. Akamrukia Ngawa, akamvuta mkono. Puu! Kimashine cha kunyonya pesa za kadi kikamtoka kwapani, kikaanguka miguuni pa Nyumbu. Ti!

"Mwizi! Mwizi! Pesa yangu!" akalia Nyumbu.

Loo! Sasa ndipo kamjua mwizi!

Ngawa akakamatwa, akatapika pesa zote. Bi Paa akalipa, akapewa dawa. Nyumbu akamfuata, kichwa chini.

"Tusamehe, Bi Paa. Hatukujua."

"Hamkujua, lakini mlicheka. Mwanangu anaungua na homa, nyinyi mnacheka! Nipishe." Akatimua mbio, tifu tifu, hakugeuka nyuma.

Basi, wakubwa kwa wadogo, sikieni. Kadi isiyoguswa ihifadhiwe ndani ya bati, maana nguo haizuii mwizi wa hewani. Na mwenzako akisema ameibiwa, mwamini kwanza, usimcheke.

Hadithi yangu imeishia hapo. Hasira yangu bado.