Blanketi la Nguo za Watu

Sogeeni karibu, ila kila mtu aikalie vizuri nguo yake mwenyewe, maana leo nasimulia habari za vipande vya nguo, na mimi siku hizi simwamini mtu. Hata wewe unayetabasamu hapo pembeni. Unatabasamia nini na sijaanza?

Palikuwa na kijiji huko juu milimani, Usambara. Jina lake nalihifadhi. Wenyewe wapo na wana midomo. Ni kijiji cha baridi, Julai ukungu unaingia mpaka jikoni, na watu wake wana imani moja ambayo labda na nyinyi mnayo ila mnaona haya kuisema: kipande cha nguo yako ni wewe. Mtu mbaya akikiokota, amekuokota wewe. Kwa hiyo ukishonewa gauni unamwambia fundi, "Naomba na vipande vyangu." Fundi anakujibu, "Havikubaki." Hapo mnatazamana, kila mtu na lake moyoni.

Katika kijiji hicho walikuwako wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza Bi Saumu, mjane, hana mtoto hata wa kusingiziwa. Kipaji chake kilikuwa macho. Kipande cha kitenge kisichozidi kidole, kimekanyagwa kwenye tope, yeye alikiona, akakiokota, akakitia kwenye kiroba chake. Tena alikumbuka kila kimoja: "Hiki cha gauni la Idi la mke wa mwenyekiti, mwaka juzi." Miaka kumi na miwili anaokota. Anavipeleka wapi? Hakusema. Basi watu wakajijibu wenyewe, kama mnavyojijibu nyinyi sasa hivi.

Wa pili Fundi Zubeda, mwenye cherehani pale karibu na soko. Kipaji chake mkasi. Hakuchora kwa chaki wala hakupima mara mbili. Alitazama, akakata, ikakaa. Kasoro moja tu: umpelekee yadi nne, gauni litarudi limekubana. "Umenenepa," anakwambia. Mnacheka, eti? Kijiji kizima kilikuwa kinanenepa, na mahindi yenyewe yalikuwa haba!

Wa tatu Bi Mwajabu. Kipaji chake vidole. Alishona kwa mkono mishono midogo kuliko ya cherehani, na akipapasa kitambaa huku amefumba macho, angekuonyesha kilipo kifundo cha uzi. Alikuwa na mwana mmoja, Singano, na mkwe mmoja, Mwanahawa. Na alikuwa na shaka. Chai akimiminiwa, alisubiri mwenzake anywe kwanza.

Sasa huyo mkwe, Mwanahawa, alikuwa amezaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto hakufika siku ya saba. Kule mtoto hupewa jina siku ya saba. Wale wawili waliondoka bila jina, na hata kuwakumbuka kwa sauti ilikuwa shida, maana utasema nani?

Mimba ya tatu ilipofika miezi saba, uchungu ukamshika. Ilikuwa Julai, mlima umeporomoka, barabara imekatika, gari la kwenda hospitali ya wilaya halipiti. Akajifungulia zahanati ya kijiji. Mtoto wa kike, wa kuenea kwenye viganja viwili.

Muuguzi akasema, "Huyu mfungeni kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Halafu wafunikeni wote wawili kwa kitu kizito kisichopitisha upepo. Shuka zangu hizi ni kama karatasi. Akiingiwa na baridi, mimi sitamweza."

Blanketi la Singano lilikuwa limebaki nyuzi. Akatoka asubuhi hiyohiyo kwenda kuazima. Nyumba ya kwanza: "Letu tumelifua, halijakauka." Nyumba ya pili: "Letu tumelifua." Ya tatu, ya nne, vilevile. Na jua halijaonekana wiki nzima! Kijiji gani hicho kinafua mablanketi yote siku moja ndani ya ukungu? Waliogopa, basi. Blanketi liende kwenye kitanda ambamo watoto wawili hawakuinuka, kisha lirudi nyumbani kwako? Likirudi, linarudi na nini?

Singano alifika kwenye kibanda cha Fundi Zubeda analia waziwazi, mwanamume mzima. Mama yake alikuwa nyuma yake. Na Bi Saumu, ambaye siku zote alikuwa akipita pale kuangalia chini, akasimama akasikiliza. Akaenda kwake, akarudi na viroba vitatu kichwani, kimoja baada ya kingine.

"Blanketi sina, mwanangu," akasema. "Nina hivi." Akavimwaga.

Waliokuwapo wote walirudi nyuma. Kijiji kizima kilikuwa pale chini: nguo za harusi, za Idi, sare za shule, makoti ya baridi.

"Umevitoa wapi?" Bi Mwajabu akauliza.

"Vilikuwa chini."

"Miaka yote hii?"

"Chini kupo miaka yote, dada yangu."

Bi Mwajabu akamshika mwanawe mkono waondoke. Singano akautoa mkono wake. "Mama, kama una blanketi lingine, lilete. Kama huna, niache." Bi Mwajabu akakaa.

Sikilizeni alichofanya kila mmoja, na msinikatize.

Bi Saumu alichambua. Alipiga magoti akatenga kimoja kimoja, bila kukosea. Vya fulana na vya pamba laini huku, vitakavyogusa mwili. Vya makoti na jinzi kule, vikae upande wa upepo. Vile vidogo visivyofaa kuunganishwa, vya kusokomezwa ndani vijaze. "Hiki kitamwasha," alisema, "hiki kinatoa rangi, hiki kina joto, nilikiokota kwenye baridi kama hii." Bila yeye kusingekuwa na kitambaa hata cha kufutia pua.

Fundi Zubeda alitazama lundo akaona halitoshi. Akasita. Kisha akainama chini ya meza, akavuta furushi alilokuwa amelifunga kwa kamba, na mkasi ukaanza kwenda mbio. Vipande vikubwa, nusu yadi, robo tatu, alivikatakata vikawa vya ukubwa wa kiganja kabla mtu hajasema "ebu nione". Akaviunganisha kwa cherehani mpaka adhuhuri. Kwa kuwa vilikuwa vidogo, maungio yalikuwa mengi, na kila ungio ni kitambaa mara mbili, mara tatu. Blanketi likatoka zito la kupendeza. Watu wakasema, "Fundi huyu!" Bila yeye lile lingebaki lundo.

Lakini cherehani ilishindwa kupita kwenye ule unene. Sindano mbili zikavunjika. Na blanketi la kujazwa lisipotiwa mishono kote, vitu vya ndani vinakimbilia kona moja, na mtoto anabaki na upepo. Hapo Bi Mwajabu, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameikodolea macho mikono ya Bi Saumu, akasogea. "Hakiingii kitu humo kisichopitia vidoleni mwangu," akasema. Akapapasa kila kijikipande cha kusokomezwa ndani. Akatoa pini tisa na ncha mbili za sindano zilizovunjika zamani, uchafu wa sakafu ya fundi. Kisha akashona kwa mkono, mstari baada ya mstari, mishono iliyobanana hata kidole hakipenyi, mpaka alasiri. Bila yeye, mtoto angelazwa kwenye miiba.

Jioni haijaingia, blanketi likafika zahanati. Mwanahawa akajifunika na mwanawe kifuani. Akawatazama wote watatu, akasema, "Mtoto huyu akifika siku ya saba, atachukua jina la aliyemfikisha."

Hakusema nani. Basi kila mmoja akaondoka anaamini ameambiwa yeye.

Siku ya pili mtoto hakuwa na nguvu ya kunyonya. Siku ya nne akanyonya. Siku ya sita akalia mpaka akasikika sokoni, na muuguzi, ambaye hana mzaha, akacheka.

Siku ya saba watu wakajaa kwenye baraza ya zahanati. Wale wenye mablanketi yasiyokauka nao walikuja, wameyavaa mabegani! Mwalimu wa madrasa akauliza, "Mtoto anaitwa nani?"

Mwanahawa akasema, "Mwalimu, subiri kidogo. Mimi kijiji hiki nakijua. Naomba kwanza kila mmoja aniambie alikuwa na nini moyoni. Mtoto wangu hatabeba jina ambalo sijui lilikuwa linawaza nini."

Bi Mwajabu akaanza, kwa kuwa hakuzoea kungoja. "Mimi ni bibi yake. Lakini umetaka kweli, na kweli ni hii: sikuwa nashona kwa ajili ya mtoto. Nilimwona ni wa kuondoka kama wenzake, Mungu anisamehe. Nilikuwa namtafutia Bi Saumu hirizi. Nilitaka niikamate humo ndani, nimwonyeshe kila mtu. Nilishona mishono ya kubana ili asije akapenyeza kitu baadaye. Hirizi sikuiona."

Fundi Zubeda akatazama chini.

"Na mimi nilikata vidogo ili msivijue," akasema. "Lile furushi ni vitambaa vyenu. Vile ninavyowaambia havikubaki. Wenyewe mlikuwa mmesimama palepale kibandani, ningefanyaje? Lakini mjue, nilikuwa navitunza nimshonee binti yangu nguo za harusi, na siku ile ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua kama vipo. Nilivitoa."

Wanawake kadhaa wakageuka kutazama blanketi, kila mmoja anatafuta gauni lake. Mmoja akanong'ona, "Na mimi nilikuwa nalala na njaa ili nipungue!"

Akabaki Bi Saumu. Watu wakasogea, maana hili ndilo walilokuwa wakilitaka miaka kumi na miwili.

"Dada yangu alikufa," akasema. "Mnamkumbuka. Wakasema kuna mtu aliokota kipande cha nguo yake. Mimi sikumjua mtu huyo, na mpaka leo simjui, kwa hiyo niliwashuku wote. Nikaona bora niviokote mimi kabla yake. Vyenu na vyangu. Nilikuwa nawaogopa nyinyi, na nyinyi mkawa mnaniogopa mimi."

Alisema hivyo. Nani alilala hata usiku mmoja ndani ya roho yake, akajua kama ni kweli? Wako waliolia, na wako waliokunja uso, na mmoja akasema kwa sauti, "Mtoto akipewa jina la huyu, sawa, tutajua ni msafi. Asipopewa, basi na mama mtoto naye ana shaka zake."

Bi Saumu alilisikia hilo. Lakini hakuomba.

Bi Mwajabu akasema, "Jina la bibi ndilo desturi." Fundi Zubeda akasema, "Nimejivua nguo mbele ya kijiji, nitoke mikono mitupu?" Mwalimu akasema, "Jina ni moja, mama. Amua, watu wanasubiri." Na wewe uliyeinua mkono, usiniambie apewe yote matatu; mtoto hajafika hata kilo mbili.

Mwanahawa akamtazama mwanawe. Ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja wa wale watatu aliyefanya kazi ile kwa moyo mweupe, na blanketi lilikuwa na joto vilevile. Aliyeokota aliokota kwa woga. Aliyekata alikata kwa kuficha wizi. Aliyeshona alishona kwa chuki. Umtoe mmoja, mtoto hayupo.

"Mama, jina!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Msinikimbize," akasema Mwanahawa. "Nimezaa mara tatu. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kumwita mtoto wangu."

Akamwinua mtoto karibu na uso wake, akafungua kinywa.

Haya. Macho ya baraza nzima yako kwake, na mimi yangu yako kwenu. Mtoto yupo mikononi mwako, wanawake watatu wamesimama mbele yako, na jina utakalolitaja utaliita kila siku ya Mungu mpaka kufa kwako. Wewe ungemwita nani?