Namba ya Kwanza Kwenye Kisanduku

Mama mmoja alikuwa na mtoto mchanga ambaye mapafu yake hayajakomaa, na hospitali ikamruhusu arudi naye nyumbani kwa sharti kwamba mashine ya oksijeni isizimwe, si usiku si mchana. Sasa, umeme wetu mnaujua. Mama huyo alikuwa halali. Taa ikipepesa, moyo unamruka. Anaweka kiganja kifuani kwa mtoto, anahesabu pumzi, anakosea, anaanza upya.

Mume wake alikuwa kazini mbali, akamtuma fundi aje kufunga kisanduku chenye betri na laini ya simu ndani. Umeme ukikatika, kisanduku chenyewe kinawapigia watu uliowachagua, mmoja baada ya mwingine, na kuwasikilizisha sauti yako. Mama akarekodi: "Umeme umekatika, mtoto anakosa hewa, njooni." Sauti ilimtetemeka. Fundi akamwomba arudie, akakataa, akasema maneno yale hawezi kuyatamka mara mbili.

Ikaja zamu ya kuingiza namba. Wa kwanza akamtaja baba mkwe. Wa pili shemeji mkubwa, wa tatu mzee wa kanisa, na mwisho kabisa kijana mchomelea vyuma wa ng'ambo ya ua, mwenye jenereta.

Fundi akasimamisha kidole. "Baba mkwe anakaa wapi, dada?"

"Wilaya ya pili."

"Na mwenye jenereta ndiye wa mwisho?"

"Sasa kaka, nimtangulize mchomelea mageti mbele ya baba mkwe? Siku akijua, uso wangu nitauweka wapi?"

Fundi akacheka, akasema kisanduku hiki hakina wakwe. Kisha akamweleza jambo ambalo mama alilisikia kwa sikio moja, maana mtoto alikuwa amekohoa: anayepokea akibonyeza moja, kisanduku kinaelewa msaada uko njiani, basi kinaacha kuwaita wengine.

Na namba yake mwenyewe? Hakuiweka. Yeye angetoka aende wapi?

Lakini unga huisha, au siyo? Asubuhi moja alimwachia mtoto mama yake mzazi, ambaye miguu imemgoma, akakimbilia mashineni kusaga. Yuko bado kwenye foleni, umeme ukakatika, mashine ya kusaga ikanyamaza. Watu wakaguna, wakakalia magunia yao kungoja. Yeye akaacha mahindi palepale, akakimbia, khanga ikamdondoka hakuiokota, na njia nzima anajiambia kisanduku kimeshapiga, kimeshapiga, watu wameshafika.

Alipokata kona akasikia jenereta inanguruma. Akamshukuru Mungu kwa sauti.

Akaingia ndani. Hakuna mtu. Bibi sauti imemkauka kwa kuita, mtoto midomo imegeuka rangi. Jenereta ilikuwa inanguruma kwa yule kijana wa ng'ambo ya ua, anachomelea geti la mteja, na ngurumo hiyohiyo ndiyo iliyofunika kilio cha bibi.

Mama akaupiga ule ua kwa mikono yote miwili. Kijana akarusha waya juu ya ua, hata miwani ya kazi hajavua. Mashine ikawaka. Mtoto alirudi polepole, polepole sana, mpaka akalia. Kijana akatoa simu mfukoni, akaitazama. "Dada, mimi sikupigiwa."

Jioni baba mkwe akapiga. "Mwanangu, simu yako niliipata palepale. Nikabonyeza moja, nikapiga magoti, nikamwombea mjukuu wangu mpaka jasho likanitoka."

Na hakuwa anadanganya.

Ndugu zangu, mzee huyu alikosa nini? Alimpenda mtoto. Aliomba kweli. Ila alibonyeza moja, na kisanduku kikanyamaza.

Je, sisi? Tunatangaziwa hapa kwamba dada fulani amejifungua, yuko peke yake, chakula hakuna. Tunaitikia "Amina" kwa pamoja, kanisa zima, na Amina ile ndiyo moja yetu. Aliyetangaza anakaa chini ametulia, anadhani tumeshaondoka. Yule dada naye huko aliko anasikiliza kila hatua inayopita mlangoni, anasema hao, wamefika, kumbe ni wapita njia. Na mwenye uwezo wa kumsaidia yuko nyumba ya pili, hakuitwa, kwa sababu sisi wenye heshima zetu tumeshapokea kwa niaba yake.

Sisemi tusiombe. Nani angethubutu? Tuombe, lakini tuombe tukiwa tumeshavaa viatu. Na kama kweli huwezi kwenda, nakusihi, usibonyeze moja. Sema mapema, "Mimi siendi." Aibu yake ni ndogo. Acha simu iendelee kuita, imfikie anayeweza kwenda, mtoto angali anapumua.