Ruzuku ya Kiota cha Hondohondo

Hapo zamani, si zamani sana maana nywele zangu zilikuwa bado hazijaniaga, palikuwa na hifadhi ndogo ya msitu kule Kwemtambi, milima ya Usambara. Wakati wa likizo wanafunzi waliingia kuchunguza viumbe, na kila mwaka mmoja wao alipewa ruzuku ya kurudi msimu mzima: chakula, darubini, kibanda cha kulala. Mmoja tu. Ruzuku yenyewe ilikuwa ndogo, ukiigawa haitoshi hata uji.

Mwaka ule, nami nikiwa mgeni pale, waliingia marafiki watatu: Mwantumu, Hiza na Nyange. Wote walitaka kuchunguza kiota cha hondohondo. Ndege huyu ana mambo! Jike huingia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa wa kupitisha mdomo. Humo hunyonyoka manyoya, hutamia, hulea. Dume ndiye mleta chakula. Mke wangu aliposikia hayo alinitazama kwa muda mrefu.

Mwantumu akalifuata dume. Likivuka bonde, naye bonde. Likipanda mlima, naye mlima. Mwisho akakuta mbegu za matunda zimelundikana chini ya mti mkavu, na juu yake tundu lililozibwa. "Ni hapa!"

Kumbe mti huo babu yake Hiza alikwisha kuruhusiwa kuukata kuni, na shoka lilikuwa begani. Hiza akamshika mkono.

"Babu, uache. Kuni nitakuletea mimi."

"Wewe? Ndoo ya maji tu inakutoa machozi!"

Akaleta. Likizo nzima wenzake wanatazama ndege, yeye anatazama njia, mzigo kichwani.

Nyange ndiye aliyekaa chini ya mti akiandika. Siku moja tawi likaanguka, ukuta wa udongo ukabomoka. Jike hana manyoya ya kurukia, kinda liko ubavuni mwake, na kima juu ya mti wanameza mate. Sheria ya watafiti pale ni moja: tazama, usiguse. Nyange akapanda, akaziba kwa udongo, akaacha ufa. Aliposhuka akaandika wazi: "Nimegusa."

Kinda likakua, likatoka, likaruka. Tukashangilia, mimi nikajikwaa kwenye mzizi.

Ikafika siku ya ruzuku. Mama Shekiondo, mkuu wa hifadhi, akasema, "Haya, semeni."

"Bila macho yangu," akasema Mwantumu, "wangetazama nini? Mawingu?"

"Bila shingo yangu," akasema Hiza, "macho yako yangeona kisiki."

"Bila mikono yangu," akasema Nyange, "kima wangeshiba."

"Lakini umevunja sheria, shoga! Sasa hatutajua ndege mwenyewe angefanyaje."

"Tungejua, Mwantumu. Tungejulia matangani kwake."

Wakacheka wote watatu, lakini kila mmoja aliutaka msitu ule kwa moyo wote.

Mama Shekiondo akanigeukia. "Wewe umetembea nchi nyingi. Amua."

Maskini, alidhani aliyepotea kwenye stendi nyingi hurudi na hekima. Mimi nilirudi na mafua. Nikaomba chai nipate kufikiri. Chai ikaisha, watoto bado wananitazama.

Basi nisaidieni, jamaa zangu. Yupo aliyekiona kiota, yupo aliyeuokoa mti, yupo aliyevunja sheria kinda likapona. Je, wewe ungempa nani?